Neno ni la Aliyelisoma Kwanza

Mchezo wetu umekufa. Nasema mapema ili usije ukasoma mpaka chini ukitegemea kwamba kuna mtu atafufuka. Ndani ya mchezo wenyewe watu walikuwa wanafufuka kila mara, ilimradi dadu ziwe zimeamka vizuri. Lakini hapa ni Kilosa, na sisi tuko kidato cha tatu shule ya kata, na kwetu kitu kikifa kinakuwa kimekufa.

Ulianza na kitabu. Kitabu kilitoka Mikumi, kwenye hoteli moja ya watalii ambako mama mdogo wa rafiki yangu anafanya usafi vyumbani. Mgeni alikisahau chini ya kitanda pamoja na kifuko cha dadu za ajabu, nyingine zina pande nyingi mpaka zinataka kuwa duara. Kikakaa mapokezi weee, mwenyewe harudi, meneja akachoka kukiona, akamwambia mama mdogo akichukue akawashie moto. Mama mdogo akampelekea mtoto wa dada yake, ambaye anasoma darasa moja na mimi na amepanga geto huku Kilosa. Naye akakileta barazani kwa bibi yangu, kwenye kota za reli, amekikumbatia kama mtoto mchanga.

Kwa asiyeujua mchezo, ni hivi. Mmoja ni msimulizi. Anasema: mko porini, kuna giza, kuna kitu kinapumua nyuma ya jiwe. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika wangu anafanya hivi. Unatupa dadu, dadu inaamua kama umefanikiwa au umeliwa. Hakuna ubao, hakuna kete, hakuna kushinda. Bibi alitutazama mara ya kwanza, akaona vitu vinarushwa na watoto wa watu wanaongea na viumbe wasioonekana.

"Mnapiga ramli kwenye baraza langu?"

"Hapana, bibi. Ni somo."

"Somo gani hilo?"

"Kiingereza."

"Haya. Mkimaliza hicho Kiingereza mnianulie mahindi."

Tulikuwa wanne. Mwenye kitabu ndiye aliyekuwa msimulizi. Mimi nilikuwa mwizi, maana katika mchezo kuna kazi ya wizi, tena halali, na nilijua mara moja kwamba nimezaliwa kwa ajili yake. Wa tatu ni mtoto wa mwinjilisti, ambaye alikuja akiwa na wasiwasi kwamba kitabu ni cha mashetani, mpaka alipofungua mwenyewe ukurasa wa mashujaa wa imani wanaoitwa paladini. Akasoma pala-dini. Akaona neno dini limo ndani kabisa. Akatulia, akawa paladini, na kila baada ya vita alikuwa anawahubiria maiti.

Wa nne nitamfikia.

Tatizo halikuwa Kiingereza. Hata fizikia ni Kiingereza na tumezoea kutoielewa. Tatizo lilikuwa majina ya viumbe. Kwenye kamusi ya shule hayamo. Tulimwonyesha mwalimu wa Kiingereza, akaangalia, akafunga kitabu, akasema tusome mambo yanayotoka kwenye mtihani, jambo ambalo kwa lugha ya walimu wetu maana yake ni kwamba hajui. Tukabaki na elimu tuliyopewa darasa la kwanza: ba be bi bo bu. Kila herufi inatamkwa. Hakuna herufi inayokaa kwenye neno bure kama mgeni asiyesaidia kuosha vyombo.

Lakini hata hivyo tuligombana. Huyu anasema hivi, yule anasema vile, jioni inaisha hatujamuua mtu. Ndipo tukatunga sheria, na tuliitoa kwenye maisha yetu ya kila siku. Ukiwahi kiti, kiti ni chako. Ukiwahi bomba, ndoo yako inatangulia. Basi aliyefungua ukurasa na kulisoma neno kwa sauti kabla ya wengine, amewahi. Neno ni lake. Wote tutalitamka kama alivyolitamka yeye, hakuna kucheka, hakuna kurekebisha. Ukimrekebisha mwenye neno, mhusika wako anakosa zamu. Mimi niliwahi lichi, mchawi aliyekufa na akakataa kuzikwa, na mpaka leo sijali huko duniani wanamwitaje.

Sasa wa nne. Alikuwa msichana kama mimi, wa Tindiga, wa familia ya wafugaji, naye amepanga geto kama msimulizi. Kiswahili amekikuta shuleni. Nyumbani wanaongea lugha yao, na lugha hiyo haina f, v wala z, kwa hiyo mdomo wake ulizoea kuzipitia pembeni. F inatoka p, v inatoka b, z inatoka s. Hilo tu. Mtu akili zote anazo, hesabu anapiga mpaka unatamani kumwibia kichwa.

Ila siku moja mwalimu wa Kiswahili alimsimamisha asome ufahamu kwa sauti. Sentensi ilisema fundi alivaa viatu vizuri. Yeye akasoma, "Pundi alibaa biatu bisuri." Darasa likaanguka. Watu walilala juu ya madawati. Mwalimu mwenyewe aligeukia ubao, lakini mabega yalikuwa yanamsaliti. Kuanzia siku hiyo yule msichana akipita kwenye ukumbi wa shule kuna mjinga lazima aulize, "Oya, pundi yuko wapi?" Na kuanzia siku hiyo hakunyoosha tena mkono. Mwalimu akimuuliza kitu anasema hajui, hata kama jibu liko kwenye daftari lake, limepigwa mstari kwa rula.

Mimi ndiye mchekeshaji wa darasa, kwa hiyo kwenye mambo ya kicheko naongea kama mtaalamu. Mimi nikichekwa, nimeomba mwenyewe. Nimepanga, nimesubiri, nimeutega mdomo. Yeye alipewa bila kuomba, na hakuwa na pa kukirudisha.

Nilimleta barazani kwa sababu ya hesabu zake, maana dadu zile zilikuwa zinatuchanganya. Alikaa pembeni Jumamosi ya kwanza, anatujumlishia tu. Jumamosi ya pili kitabu kilikuwa mapajani mwake, akafungua, akakuta joka la miguu miwili lenye mkia wa sumu. Akasahau kwamba yuko na watu. Akasoma kwa sauti: "Wiberini."

Nilimwona amejikunja, anasubiri.

"Umewahi," msimulizi akasema. "Wiberini. Haya jamani, wiberini imetua juu ya paa. Mnafanya nini?"

"Napanda kwenye mkia wa wiberini," nikasema.

"Naikemea wiberini," akasema paladini.

Alitutazama mmoja mmoja kama anayetafuta nani ataharibu. Hakuna aliyeharibu, kwa sababu hakuna aliyejua. Hilo ndilo jambo lililonichukua muda kulielewa. Shule nzima, wilaya nzima, maneno yale yalikuwa ya kigeni kwa kila mtu kwa kipimo kilekile. Palikuwa hapana mwenyeji wa kumcheka.

Baada ya hapo alikuwa anafungua kurasa kama anachuma mboga. Nusu ya majoka na mizimu ikawa yake. Akawahi pia ginoli, watu wenye vichwa vya fisi. Msimulizi alitaka kutuambia ginoli wanachekaje, akatoa kitu kama mbuzi mwenye mafua. Yule msichana akasema, "Si hibyo," akasimama, akaweka mkono mdomoni, akalia fisi. Si fisi wa kuigiza. Fisi anayezunguka zizi usiku na ndama wako ndani. Bibi alitoka jikoni na mwiko.

"Ametokea wapi huyo?"

"Ni somo, bibi," tukasema wote.

Mhusika wake akawa ndiye anayeongea na wanyama, na wiki hadi wiki akawa anaongea kweli. Alikuwa anawatukana ginoli, anawabembeleza, anawadanganya. Sentensi ndefu, p na b na s zikipita kama mifugo barabarani, zenyewe ndizo zenye haki na magari yasubiri. Sisi wengine tulianza kusema wiberini mpaka shuleni. Mtu akiwa mkali tunasema leo mwalimu ni wiberini. Watoto wa kidato cha kwanza wakalichukua, wakalisema hivyohivyo, na b yake, hawajui limetoka kwenye mdomo wa nani.

Jioni moja tulikuwa tunamwanulia bibi mahindi, akaniambia, "Nyumbani wanahama na ng'ombe muhula ukiisha. Mama amesema nichague. Nibaki shule au niende nao."

"Wewe unatakaje?"

Akakung'uta turubai kwanza. "Wiki nsima siongei. Naongea hapa tu. Hapa pakiwepo, nabaki."

Nikamwambia hapa pataenda wapi, hizi ni kota za reli, zimejengwa kabla bibi hajaota meno. Nilidhani nimechekesha.

Likizo fupi ikaja, msimulizi akaenda kwao Mikumi, akarudi amebadilika. Alikuwa na simu ya mama mdogo wake, na kwenye simu kulikuwa na video za watu wa nje wanacheza mchezo uleule. Tukainamia kioo. Wale watu walikuwa wanataja viumbe wetu na hatukumtambua hata mmoja. Wiberini walimwita waivan. Ginoli, yule mkubwa wa kucheka usiku, alikuwa amekatwa kila kitu, amebaki nol. Neno linaisha kabla halijaanza.

"Kumbe tulikuwa tunakosea," akasema mtoto wa mwinjilisti, kwa sauti ya mtu aliyegundua amekuwa akisali ameangalia upande usio wake.

"Nani kasema?" nikamuuliza. "Sisi tuliwahi."

"Acha utani," msimulizi akasema. "Sikilizeni. Kuna vijana wa chuo wanatoka Morogoro, wanakuja mbugani Jumamosi ijayo, wanalala pale kwa mama mdogo. Wanacheza huu mchezo. Mama mdogo kawaambia kuhusu sisi. Wanataka tucheze nao."

"Waje na hayo manol yao, sisi tutakuja na ginoli."

"Tutachekwa, mwanangu! Unaelewa? Wewe unapenda kuchekwa, sisi hatupendi."

Nikasema sheria ni sheria. Akasema basi tupige kura. Yeye na paladini wakanyoosha mikono. Mimi nikakataa kwa mikono miwili na mguu. Tukamgeukia mwenye maneno.

"Sawa," akasema.

Wiki nzima tukafundishana. Waivan, waivan. Ana v katikati, na v ni mlima kwa mwenzetu wa Tindiga. Nilimsikia akijaribu nyuma ya choo cha shule, meno yakiuma mdomo wa chini kama msimulizi alivyomwonyesha. Jumatano ikatoka. Alhamisi ikatoka tena. Akanijia darasani, akaniambia sikioni, "Waivan," nikampigia makofi ya kimyakimya. Nadhani kweli tuliamini.

Jumamosi tukapanda gari la Mikumi. Njiani mnapita kijiji kinaitwa Ulaya, kwa hiyo kila anayekwenda Mikumi huwa namwambia salimia wazungu. Siku ile nilisema hivyo, yule msichana akacheka, na ni mara ya mwisho nakumbuka amecheka kwa kitu nilichosema.

Wale vijana walikuwa wazuri. Nasema hivi kwa masikitiko, maana wangekuwa wabaya ningekuwa na wa kumlaumu. Walitununulia soda, wakatupa viti, walikuwa na visanamu vidogo vya kila kiumbe. Msimulizi wao alikuwa dada mmoja mwenye miwani, na alisimulia vizuri kiasi kwamba nilisahau kuiba. Akatupeleka jangwani. Akatuzungushia fisi wenye miili ya watu. Halafu akamgeukia mwenzetu wa Tindiga, kwa sababu mhusika wake ndiye anayeongea na wanyama.

"Wamekuzunguka. Mkubwa wao anakusogelea. Unawaambia nini?"

Alisimama. Barazani kwa bibi huwa anasimama. Nilimwona anajaza kifua, na nikajua hana habari tena na wiki ya mazoezi, yuko kazini.

"Ginoli!" akasema. "Rudini nyuma, hawa ni watu wangu, na mimi nina wiberini mbili nyuma ya kilima!"

Meza ikacheka. Haikuwa kama darasani. Walicheka kama unavyocheka mtoto anapoanza kutembea. Yule dada akashika kifua, akatoa simu.

"Jamani, mdogo wangu, rudia kidogo nirekodi. Gi-nini? Hii nimeipenda kweli, hii tamu!"

Na msimulizi wetu, uso umemwiva, akasema haraka, "Anamaanisha nol. Samahani, dada. Anamaanisha nol na waivan."

Mwenzetu akakaa.

Nikaingia na silaha niliyonayo. Nikasimama, nikatamka kila kitu kwa ubaya niliouweza, nikapindua majina, nikaharibu mpaka jangwa. Nilitaka kile kicheko kihamie kwangu, mimi nina mahali pa kukiweka. Wakacheka kweli, wakanirekodi. Lakini sasa tukawa onyesho, watoto wa Kilosa na matamshi yao, na yeye alikuwa mmoja wa waliokuwa jukwaani, ameketi, mikono kwenye mapaja.

Zamu yake ikarudi. "Napita," akasema. Ikarudi tena. "Napita." Yule dada akamwambia kwa upole kwamba akiendelea kupita mhusika wake hataokoka. "Napita." Dada akamuua kwa maneno mazuri, upepo ukafukia nyayo zake, na mtoto wa mwinjilisti akataka kumfufua, akatupa dadu, ikakataa.

Jumamosi iliyofuata alikuja barazani. Alimwamkia bibi, akakaa, akatujumlishia hesabu za dadu. Msimulizi aliona. Si mbaya yule, ni mwoga tu, na uoga wake ulikuwa umeshamgharimu. Akafunga simu, akasema, "Turudishe sheria. Mimi nilikosea. Wiberini ni wiberini." Akaanza kusimulia, akisema wiberini kila baada ya maneno mawili, na b nene kabisa, kama anayebeba yai kwa kijiko.

Hapo ndipo nilipojua imekwisha. Mwanzoni tulisema wiberini kwa sababu ndilo lilikuwa jina la mnyama. Sasa tulikuwa tunalisema kwa ajili yake. Tulikuwa tunamfanyia hisani, na yeye aliisikia hisani ikija kutoka mbali. Kujua ni kitu ambacho huwezi kukirudisha kwenye simu ukazima. Tungemlia fisi wote watatu, isingesaidia.

"Wiberini anakutazama," msimulizi akamwambia. "Unamwambia nini?"

"Napita."

Jumamosi nyingine hakuja. Darasani aliendelea kutojua majibu. Nilimfuata getoni na kila utani niliokuwa nao, ananisikiliza mpaka mwisho, anasema asante. Ukishaambiwa asante kwa utani, mchekeshaji unajua biashara imefungwa. Mitihani ikaisha, na siku ya kufunga shule nilikuta geto lake liko wazi, mwenye nyumba anafagia.

Sisi watatu tulijaribu kucheza mara moja. Ginoli wakaja, hakuna aliyejua aongee nao vipi, mtoto wa mwinjilisti akasema labda wahubiriwe. Msimulizi akafunga kitabu na kusema ana kazi za nyumbani, wakati wa likizo. Hajakifungua tena.

Yule msichana nilimwona mara moja zaidi. Bibi alinituma Dumila kwenye vitunguu, na pale stendi, kati ya wauza mahindi ya kuchoma, alikuwa amekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, mama yake pembeni na mabeseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Nikamgeukia. "Mambo?"

"Poa. Bibi hajambo?"

"Hajambo, anakuulizia. Ng'ombe je?"

"Wametangulia. Kaka yuko nao."

"Mnaenda wapi?"

"Kule Pwani."

"Rupiji!" mama yake akasema kwa sauti kubwa, anatabasamu, anajivunia safari. "Tunaenda Rupiji, mwanangu, kuna majani!"

Yule msichana akaangalia chini, akavuta kamba ya godoro ambayo haikuwa imelegea.

"Na shule?" nikamuuliza. "Utaendelea huko?"

"Labda."

"Labda ni hapana iliyovaa sare."

Hakucheka. "Labda ni labda," akasema. "Wasalimie."

Basi likaja, kondakta akarusha godoro juu, wakapanda. Alinipungia mkono dirishani mara moja, vizuri tu, kama mtu anayeagana na mtu.

Lilipokwisha kuondoka nikabaki nayarudia maneno yake kichwani, kwa sababu kuna kitu kilikuwa kinanisumbua. Nikayapitia moja moja. Hapakuwa na f. Hapakuwa na v, wala z. Aliyachagua yote, pale pale, bila kusita, na sikugundua. Jina la mahali anakokwenda kuishi aliliruka kama mtu anavyoruka shimo la njia ya kwao. Amekuwa hodari kabisa. Atakwenda hivyo mpaka uzeeni, na watu wa huko watasema ni msichana mpole, haongei sana.

Nikavuka barabara hadi kwa muuza vitunguu, nikajaribu na mimi kuongea namna hiyo.

"Karibu, binti. Nikupe nini?"

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Nikanyoosha kidole.

"Sema basi," akasema. "Huna mdomo?"

Nikaendelea kuonyesha kwa kidole.